Mikro kravati zisizo na waya: gerejini safi, uani zinakwaruza na kukatika (Goma)

Dada_wa_Himbi (Goma), Jumapili saa 4 usiku

Jambo wote. Naomba mnisaidie kabla sijapiga kitu ukutani.

Tuko watu watano, tunatengeneza vichekesho vifupi kwa Kiswahili cha huku kwetu, dakika 7 au 8 kila kimoja. Mimi ndiye wa sauti. Mpaka mwezi uliopita nilikuwa na mikro moja ya fimbo na kinasa kidogo, nashika fimbo mpaka mabega yanalia. Ndipo nikapata seti mbili za mikro kravati (zile ndogo za kubana kifuani) zisizo na waya, zilizotumika, kwa mtu aliyezileta kutoka Ulaya. Dola 180 zote: transmita mbili za kutuma sauti, za kufunga kiunoni, risiva mbili za kuipokea, za kuweka juu ya kamera, na sanduku lake. Niliona Mungu amenikumbuka.

Studio yetu ni gereji ya mjomba hapa Himbi, kuta tumezibandika magodoro ya zamani. Nilizijaribu humo jioni nzima, niko peke yangu, sauti safi kabisa. Nikamtuma mdogo wangu na transmita mpaka barabarani, bado safi. Nikajisifu mbele za watu.

Jumamosi tukaenda Keshero kupiga kipande cha mahari, kwenye ua wa nyumba moja, waigizaji na majirani jumla kama kumi na wanne. Aibu tupu.

Kuna mlio wa "trrr, trrr-trrr", kama kuku anakwangua bati. Hauna mpango: unakuja sekunde tatu, unaenda, unarudi. Halafu baba wa bibi arusi kila akiipa kamera mgongo, sauti yake inazimika, akigeuka inarudi. Na pakiwa kimya nasikia "shhhh" inapanda polepole kama mtu anafungua bomba. Mtu akianza kusema inashuka. Seti ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza.

Nilidhani ni upungufu wa nguvu, nikapandisha sauti kwenye transmita mpaka mwisho. Hapo ndipo ikaanza kupasuka kabisa.

Sasa: zimekufa? Niliuziwa bovu? Ninunue zile ndogo mpya za 2.4 (gigahezi)? Alhamisi tunarudi kwenye ua uleule, mwenye nyumba ametupa siku moja tu. Na kama kuna nafasi, nataka pia mwongozaji asikie kwenye hedfoni zake bila kufungwa kamba kama mbuzi.

Kijana_wa_Kamera (Goma, Birere), Jumapili saa 4 na nusu usiku

Dada tupa hizo. Zile ndogo za 2.4 unabana tu kwenye shati, unawasha, kazi imekwisha. Mimi niko na zangu mwaka wa pili, sijawahi kujua megahezi ni nini.

Dada_wa_Himbi

Kaka, nikitupa dola 180 utanirudishia wewe?

PapaWaya (Bukavu), Jumapili saa 5 usiku

Dada, usitupe kitu. Na wewe kijana, zako za 2.4 tutazirudia.

Mimi wananiita Papa Waya kwa sababu pakiwa na nafasi ya kuvuta waya, mimi navuta waya. Nimefanya redio, kwaya, arusi na filamu za watu, na kila mara waya ukinikosea najua amekanyaga nani. Hewa ikinikosea simjui wa kumgombeza. Lakini mwigizaji hawezi kutembea na waya mguuni, basi tunavumilia.

Kabla sijasema kitu nijibu haya. Nyuma ya transmita kuna namba zenye MHz, yaani megahezi, masafa ya mawimbi yake, ni zipi? Risiva ilikuwa wapi, na jirani yake alikuwa nani? Umetia betri gani? Kamera iko kwenye sauti ya otomatiki au ya mkono? Halafu chukua rula, pima antena za transmita zote mbili, kuanzia pale zinapotokea kwenye kisanduku mpaka nchani. Usikadirie kwa macho.

Dada_wa_Himbi, Jumatatu saa 1 asubuhi

Shikamoo Papa. Nimepima kabla ya chai.

Nyuma imeandikwa 823–865 MHz, seti zote mbili. Risiva zote zilikuwa juu ya kamera, na pembeni yake kuna simu ya mwongozaji, ndiyo anayotazamia picha. Betri ni zile za tochi, nilinunua kwa mtoto wa barabarani, nne kwa faranga kidogo. Kamera iko otomatiki, kwani nilidhani otomatiki ndiyo ya salama.

Antena ya kwanza sentimita 9. Ya pili sentimita 5 na nusu, na nchani imefungwa skochi. Sikuwa nimeiona hiyo skochi mpaka leo.

PapaWaya, Jumatatu saa 3 asubuhi

Marahaba. 823–865, ndivyo nilivyodhani nikisoma ile "trrr" yako. Mtoto, hujauziwa bovu. Umeuziwa kitu kilichofukuzwa kwake.

Hizo namba zina historia. Zamani kuanzia 470 mpaka 862 palikuwa pa televisheni, na mikro zisizo na waya zilijibana katika matundu ambayo televisheni haikuyatumia, kama mwenye kioski anavyojibana kwenye ukuta wa mtu. Mwaka 2006 nchi za Ulaya, za Afrika na za Mashariki ya Kati zilikaa Geneva kupanga televisheni ya dijitali, wakakubaliana kwamba kipindi cha kuhama kutoka analogi kwenda dijitali katika UHF, masafa hayohayo ya 470 mpaka 862, kiishe tarehe 17 Juni 2015. Televisheni ikasukumwa chini, na kule juu, 790 mpaka 862, wakapewa watu wa simu. Wenye mikro za 800 huko Ulaya wakaamka asubuhi moja wamezungukwa na simu. Wakaziuza. Zako ni mojawapo.

Sasa tazama hesabu. Katika 4G ya bendi ya 800, mnara unasema na simu kati ya 791 na 821. Simu inajibu mnara kati ya 832 na 862. Mikro yako inakaa kati ya 823 na 865. Unaona? Sehemu kubwa ya eneo lako iko mbele ya mdomo wa simu. Mnara wenyewe haukusumbui. Wanaokusumbua ni wale walioketi uani na simu mifukoni.

Transmita za aina hii kwa kawaida zina miliwati 30. Simu ya 4G inaweza kupanda mpaka miliwati 200, na inapanda zaidi pale mtandao ulipo dhaifu, maana inapiga kelele ili mnara usikie. Gerejini ulikuwa peke yako na simu moja. Uani ulikuwa na watu kumi na wanne, na simu moja mmeiweka kabisa juu ya kamera, vidole vitatu kutoka risiva! Ile "trrr" yako ni picha za mtu zinaenda WhatsApp.

Lakini hapohapo ndipo penye dawa. Mnara unaishia 821, simu inaanzia 832. Katikati wameacha uwazi ili hao wawili wasiongee kwa mdomo mmoja. Mikro yako inaanzia 823. Kwa hiyo una 823 mpaka 832, megahezi 9 nzima, na kamkia kadogo juu, 863 mpaka 865. Nchi nyingi za Ulaya zimewaachia watu wa mikro vipande hivyohivyo. Kwetu msimamizi wa masafa ni ARPTC. Siku mkianza kushika mikataba mikubwa, ulizeni kwao kwa karatasi.

Mikro moja ya analogi inakula kama 0.2 tu ya megahezi. Kwa mikro mbili, 9 ni uwanja wa mpira.

Usitumie zile benki, yaani orodha za masafa, zilizopangwa kiwandani. Zimetawanywa bendi nzima, unaweza kubonyeza ya kwanza ikakutupa 840, mdomoni mwa simu tena. Ingia ile benki ya mtumiaji, kwenye seti nyingi imeandikwa U, uandike kwa mkono wako: seti ya kwanza 824.300, ya pili 828.900. Andika kwenye risiva kwanza, kisha uipatanishe transmita yake. Bandika karatasi yenye namba kwenye kila kimoja, maana saa kumi jioni kila kisanduku cheusi kinafanana na mwenzake.

Siku ukiongeza ya tatu, usizipange kwa nafasi sawa. Chukua 824, 826 na 828: zidisha 826 mara mbili, toa 824, unapata 828. Yaani mbili za kwanza zikikaribiana zinazaa mtoto, na mtoto anakaa kwenye kiti cha wa tatu. Kwa namba nilizokupa, ya tatu iwe 831.100, nimeshapiga hesabu.

Na uchunguzi ufanyie uani Keshero, siyo gerejini. Zima transmita zote mbili, acha risiva zimewaka kwenye namba zako, tazama vile vijiti vya RF, vinavyoonyesha nguvu ya mawimbi yanayoingia. Vikiruka wakati hakuna transmita iliyowaka, kuna mwenyeji pale. Sogea nusu megahezi, tazama tena.

Antena. Gawanya 300 kwa 826, unapata mita 0.363, huo ndio urefu wa wimbi. Robo yake ni sentimita 9. Transmita ya kwanza ina antena halali. Ya pili mtu aliivunja, akaficha kidonda kwa skochi. Mpe fundi wa simu mwenye mkono mwepesi, aiondoe na kulehemu waya laini wa sentimita 9. Asikuwekee waya mrefu "ili ishike vizuri". Mrefu nao ni makosa.

Nitarudi baada ya chakula, kuna mtu ananiita kwenye jenereta.

Dada_wa_Himbi, Jumatatu saa 6 mchana

Papa!! Shangazi wa mwenye nyumba alikuwa LIVE Facebook muda wote, anawaonyesha ndugu zake wa Kinshasa "filamu inapigwa kwetu". Alikaa nyuma ya kamera, mahali pazuri, mimi ndiye nilimpa kiti.

Kijana_wa_Kamera

😂😂😂 kiti umempa wewe mwenyewe

PapaWaya, Jumatatu saa 10 jioni

Shangazi ndiye simu yako ya pili. Alhamisi mpe kiti kilekile, lakini getini.

Twende kwenye baba anayegeuka. Hiyo siyo bendi, ni nyama. Mwili wa mtu ni mfuko wa maji ya chumvi, na mawimbi haya hayapendi maji. Nilijifunza kwa aibu yangu. Arusi moja hapa Bukavu, Nguba, bwana arusi mnene amevaa koti zito, nikamfunga transmita nyuma ya kiuno chini ya koti, ili isionekane. Risiva iko kwangu, mwisho wa kanisa. Padri akauliza, bwana arusi akageuka kumtazama bibi, kati yangu na antena kukawa na bwana arusi mzima. Ukisikiliza ile kanda, padri anauliza kupitia spika za kanisa, kisha kimya sekunde kumi na moja, kisha vigelegele. "Ndiyo" yake haipo. Mpaka leo mke wake akinikuta sokoni ananiuliza kama nimeipata.

Basi: transmita ikae upande unaoelekea risiva. Baba wako akiingia kwa mlango wa kushoto na kumaliza ameelekea migomba, jua njia yake kwanza, ndipo uchague nyonga. Antena ining'inie wima, isizungushwe pamoja na waya wa mikro, isikunjwe ndani ya mkanda, isilale kwenye ngozi yenye jasho. Weka kitambaa katikati.

Halafu jambo ambalo watu wa kamera hawapendi nikilisema: toa risiva juu ya kamera. Umesema una kinasa kidogo. Chomeka risiva zote mbili humo, moja kushoto, moja kulia, weka kinasa juu ya stuli mita 3 au 4 kutoka kwa waigizaji, nje ya picha, juu kidogo ya vichwa vya waliokaa. Kamera ibaki inachukua sauti yake mbovu ya kupatanishia, na ubao wa klapu upigwe kila mara. Wewe ulitaka kuongeza nguvu, punguza hewa iliyo katikati. Ukisogea kutoka mita 12 kwenda mita 4 umepata mara tisa ya ulichokuwa nacho, na hujalipa faranga.

Sasa ile "shhhh". Hiyo ni otomatiki ya kamera. Pakinyamaza, kamera inadhani umekuwa kiziwi, inapandisha sauti inatafuta kitu cha kusikia, inakuta uchafu wake yenyewe. Mtu akisema inashuka. Zima otomatiki, iwe ni kamera, iwe ni kinasa.

Ngazi za sauti utazipanga kutoka mdomoni kwenda mbele, usianzie nyuma. Mfunge mwigizaji mikro, mwambie aseme sentensi yake ya hasira, ile ya mwisho, siyo "moja mbili moja mbili" ya uvivu. Kwenye transmita teremsha usikivu mpaka taa ya kilele isiwake hata akifoka. Hapo ndipo ulipoharibu Jumamosi: ulipandisha usikivu mpaka mwisho, sauti ikapasuka ndani ya transmita, na kilichopasuka mle hakuna mtu wa kukishona mbele ya safari. Lakini usishuke mpaka chini pia. Mashine hizi za analogi zinabana sauti zinapotuma na kuitanua inapofika, ukizipa sauti ndogo mno utasikia uchafu unapumua nyuma ya kila neno. Kisha tokeo la risiva liwe juu ya kutosha, na kinasa ukiteremshe, kelele za juu ziguse desibeli hasi 12, maneno ya kawaida yacheze hasi 20 hivi. Ukibaki na kamera peke yake, ni vilevile: risiva juu, kamera chini kabisa, maana vikuza sauti vya kamera ndogo ni vya kuonea huruma.

Skwelchi, ile inayozima sauti mawimbi yakidhoofika, iweke chini. Ikiwa juu inanyamazisha mapema, unapoteza umbali bure.

Betri za tochi toa leo. Tafuta alkalini nzuri, au za kuchaji za NiMH, mbili kwa kila transmita. Za kuchaji zina volti 1.2, siyo 1.5, kwa hiyo kama menyu ina sehemu ya kuchagua aina ya betri, chagua, la sivyo kile kipimo kitakudanganya: kinakuonyesha nusu, dakika kumi baadaye umekufa. Badilisha zote wakati wa chakula cha mchana, hata kama bado zina nguvu. Zile nusu zilizobaki wape watoto kwa tochi.

Kijana_wa_Kamera, Jumatatu saa 2 usiku

Papa Waya heshima kwako, lakini ona maneno yote hayo. Mimi nabana, nawasha.

PapaWaya

Na mimi sikukatazi. Za 2.4 zinajitafutia njia zenyewe, zinarukaruka, na watu wawili mkiwa karibu mnatazamana ni raha. Ila pale umeketi na Wi-Fi zote na Bluetooth zote, na wimbi lake ni sentimita 12 na nusu tu, mgongo wa mtu unalizuia vizuri zaidi kuliko langu la sentimita 36. Jaribu siku moja katika ukumbi wenye watu mia nne. Nyingine pia zinachelewesha sauti kwa milisekunde chache. Kwa filamu haidhuru, kwa mwimbaji anayejisikiliza inamchanganya.

Niulize kitu: zako zinarekodi ndani ya transmita yenyewe?

Kijana_wa_Kamera

Ndiyo, kuna kumbukumbu ndani.

PapaWaya

Basi hapo umenishinda. Hewa ikikatika, sauti iko salama kifuani kwa mtu. Kama ningekuwa na hiyo Nguba, mama yule angenisalimia vizuri.

Mama_Plasta (Lubumbashi), Jumanne saa 2 asubuhi

Nimesoma yote, mmezungumza megahezi mpaka mmesahau nguo. Mimi navalisha watu wa tamthilia na ninafunga mikro pia, na nawaambia nusu ya "mikro mbovu" ni kitambaa.

Kipande ni cha mahari, kwa hiyo watu wamevaa vitenge vipya. Kitenge kipya kina wanga, kinalia kama karatasi. Kifueni mara mbili kabla ya Alhamisi, msipige pasi ngumu. Mikro ikae upana wa kiganja kimoja chini ya kidevu, katikati ya kifua. Chukua plasta ya hospitali, ile ya kitambaa, ukunje pembe tatu kama sambusa ndogo, gundi iwe nje. Sambusa moja chini ya mikro, moja juu yake. Mikro inalala katikati, imeshikwa na ngozi huku, nguo kule, haisuguani na chochote. Halafu acha kitanzi kidogo cha waya chini yake na kibandike, ili waya ukivutwa uvutwe plasta, siyo mikro.

Shanga: ziondoe au zishone. Mama wa bibi arusi hatakubali kuziondoa, najua. Zishone kwa uzi kwenye kitambaa, sehemu tatu.

Na mtu akienda msalani, zima. Nimesikia mambo ambayo sikupaswa kuyasikia.

Dada_wa_Himbi, Ijumaa saa 3 asubuhi

Papa, Mama, kaka, nimerudi. Naandika nikiwa kitandani, mwili wote umechoka.

Antena: fundi wa simu pale Birere aliilehemu dakika kumi. Alitaka kuniwekea sentimita 15 "kwa heshima ya mteja". Nikamwonyesha rula.

Uani nilizima transmita, nikatazama vijiti. 824.300 kimya kabisa. 828.900 kijiti kimoja kinapanda na kushuka, nikasogea 829.400, kikalala. Simu zote niliziomba, nikaziweka kwenye kapu la mkaa, jikoni, zikiwa zimezimwa mtandao. Mwongozaji alilia kuhusu simu yake ya kutazamia picha. Tukaiweka hali ya ndege, kebo yake ikaendelea kufanya kazi vilevile, kumbe hakuhitaji mtandao hata kidogo. Shangazi alikataa kutoa simu. Nilimpa kiti getini, chini ya mwembe, nikamwambia pale ndipo anaona kila anayeingia. Alifurahi.

Kutoka saa 3 asubuhi mpaka saa 8 mchana nimesikia "trrr" mara mbili tu, zote shangazi alipoingia kuomba maji.

Risiva ziko na kinasa juu ya ngazi fupi ya mbao, nyuma ya pipa, mita 4 hivi. Baba wa bibi arusi amegeuka atakavyo, nikafunga transmita yake nyonga ya kulia kwa sababu anamaliza ameelekea upande wa pipa. Haikukatika. Alipofoka ile ya "ng'ombe sita siyo matusi?" taa ya kilele ikawaka kidogo, nikateremsha ngazi mbili, tukarudia.

"Shhhh" imeisha. Sasa nasikia vitu ambavyo sikuvisikia zamani: chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikipita barabarani juu ya mawe ya volkano, magurudumu yake ya mbao, sekunde ishirini nzima. Ilibidi tusubiri. Motari naye tukamsubiri. Mwenye kugonga bati nyumba ya pili tukampelekea Fanta.

Kosa langu ni moja. Sambusa za plasta zilishika kwa kila mtu, lakini mama wa bibi arusi alijishonea shanga mwenyewe, akashona mbili, ya tatu akaiacha. Kipande chake cha kwanza kina "tik, tik" kila akivuta pumzi. Sikuisikia kwa sababu nilikuwa naangalia vijiti tu, kama mtoto na toy. Niliigundua saa 9, na mvua ikaanza saa 9 na nusu, juu ya mabati, basi. Nafikiri nitaomba arudie maneno yale gerejini kati ya magodoro, mikro ileile, nguo ileile, nitayapachika.

Swali lililobaki ni hedfoni za mwongozaji. Niko na seti mbili tu na zote ziko kwa waigizaji. Ninunue ya tatu, ile ya 831.100 uliyosema?

PapaWaya, Ijumaa saa 4 asubuhi

Umefanya kazi nzuri sana, mtoto. Kurudia gerejini ni sawa, ila mwambie akae, asisimame, kama uani alikuwa amekaa; kifua kinabadilika mtu akisimama. Na shanga zibaki nyumbani.

Hedfoni: kinasa chako kina tundu la hedfoni? Nunua kigawanyi cha matundu mawili na mita 5 za waya. Dola tatu. Mwongozaji anakaa karibu nawe, anasikia unachosikia wewe, hachelewi, haombi betri.

Dada_wa_Himbi

Nilijua utasema waya.